Kuotesha ash na mununga nyumbani Nairobi: maswali yanayoulizwa kila mara

Mvua ikikaribia, maswali ni yaleyale: mbegu imekataa kuota, niweke friji ama nisiweke, huu mti si utavunja ukuta. Majibu yako hapa. Kama ndio unaanza, usiruke maswali mawili ya kwanza, maana karibu kila kosa linalofuata huanzia hapo, mtu anafuata maagizo ya mti ambao si wake.

## Ya kuanzia

Ash ni mti gani hasa? Kila nasari ninayoenda naonyeshwa kitu tofauti.

Ni kweli unaonyeshwa miti tofauti, na haina undugu wowote. Kuna ash yenyewe, ile wataalamu wanaita Fraxinus, asili yake Ulaya, Asia, Marekani Kaskazini na kule juu kaskazini mwa Afrika. Hii ni ya ukoo wa mzeituni, kwa hivyo kwa misitu yetu ndugu yake wa karibu ni mutamaiyu. Huku kwetu wengi wakisema ash wanamaanisha ash ya Mexico, ambayo utaipata kwa kompaundi za zamani na mipaka ya mashamba ya huko juu.

Halafu kuna Cape ash, Ekebergia capensis, mti wa Afrika, kwa Kikuyu ni mununga. Huu ukoo wake ni mwarobaini na mahogani. Majani yanafanana fanana na ya ash, na hapo ndipo mchanganyiko wote unaanza. Ukisikia mtu anataja mountain ash hiyo nayo ni hadithi nyingine, ya Australia ni aina ya mkalatusi na ya Uingereza ni ya ukoo wa waridi, zote hazihusiani na ukurasa huu.

Nitajuaje niliyo nayo ni ipi?

Shika tawi uliangalie vizuri. Miti yote miwili ina jani refu lenye vijani vidogo vilivyopangwa huku na huku kwa kikonyo kimoja, kwa hivyo usiangalie vijani, angalia pale jani zima linapotokea kwa tawi. Kwa ash yenyewe majani hutoka mawili mawili yakiangaliana, moja kushoto moja kulia, mahali pamoja. Kwa mununga yanatoka moja moja kwa kupishana na yanasongamana kule mwisho wa tawi, na ukikaribia utaona tawi lina vidoadoa vyeupe.

Wakati wa matunda ndio huwezi kukosea. Ash inazaa vitu vikavu vyembamba vyenye bawa moja, vinaning'inia kwa vishada na upepo ukivuma vinazunguka vikishuka. Mununga unazaa tunda la mviringo lenye nyama, linageuka jekundu likiiva.

Nina nafasi ya mti mmoja tu. Nipande upi?

Mununga. Nasema hivyo bila kuzunguka. Ni mti wa hapa, unapenda mwinuko wetu wa mita 1,700 hivi, kivuli chake ni kizito na maua yake madogo yananukia vizuri, alafu matunda yakiiva unapata wageni: pasa, shorobo, na kama uko upande wa Karura hata hondohondo. Ash yenyewe ni mti mzuri, mbao yake ni ngumu na inapindika bila kuvunjika ndio maana Ulaya na Marekani imetengeneza mipini ya jembe na shoka miaka mingi, lakini kwa ploti ya Nairobi haitalisha ndege kama mununga. Kama tayari unayo ash kubwa nyumbani na unataka kuzalisha watoto wake, hiyo ni sababu nzuri kabisa, endelea kusoma.

Inachukua muda gani hadi ipate kivuli?

Mununga ukiwa kwa udongo mzuri na maji hayakosekani unaweza kurefuka karibu mita moja kwa mwaka. Kwa hivyo fikiria miaka, sio miezi, lakini pia sio maisha yote.

## Mbegu

Mbegu nitatoa wapi hapa Nairobi?

Pa kwanza ni KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu Kenya, wako Muguga, wana kituo cha mbegu za miti na ukinunua pale unajua jina la mti ni la kweli. Pa pili ni mti wa jirani, uliza tu, watu wengi hufurahi mtu akitaka mbegu za mti wao badala ya kulalamika kuhusu majani yanayoanguka. Nasari za kando ya barabara, kama zile za Ngong Road na Kiambu Road, mara nyingi wana miche sio mbegu, na hapo tumia lile swali la tawi kabla hujatoa pesa.

Karura na Arboretum usiingie na mfuko ukaanza kuokota. Hayo ni maeneo yanayolindwa, omba ruhusa kwanza.

Nitajuaje mbegu ni nzima kabla sijapoteza muda?

Toa kama kumi, zikate katikati na wembe. Ndani ukikuta kiini cheupe kilichojaa, imara, hiyo ni nzima. Ukikuta hewa, ama kitu cha kahawia kilichonywea, ama kijidudu, hizo hesabu umepoteza. Ash hasa ina tabia ya kuzaa mabawa mazuri yasiyo na kitu ndani, unaweza kubeba mfuko mzima ukidhani una msitu kumbe una makapi, kwa hivyo hii kazi ya dakika tano usiiruke.

Mmoja ananiambia weka mbegu friji, mwingine ananiambia nikiweka nitaiua. Nani anasema ukweli?

Wote wawili, kila mmoja anaongea kuhusu mti wake.

Mbegu ya ash yenyewe inalala. Kwao kuna majira ya baridi kali, na mbegu ikianguka halafu iote mara moja mche utauawa na theluji, kwa hivyo inajifunga kwa ndani mpaka ipitie baridi ya muda mrefu ikiwa na unyevu, ndio ijue kipupwe kimeisha. Bila hiyo baridi unaweza kumwagilia mpaka uchoke. Na kwa sababu ni mbegu ya kulala, ikikaushwa vizuri na kufungwa mahali pa baridi inaweza kukaa miaka kadhaa ikiwa hai.

Mununga ni kinyume kabisa. Mbegu yake iko tayari siku tunda linaiva, na kila wiki unayoiweka kwa droo inazidi kufa. Ukinunua mbegu za mununga zilizokaa kwa duka hujui tangu lini, usishangae zikikosa kuota hata moja. Mununga haungoji mvua wala friji: unachuma, unasafisha, unapanda wiki hiyohiyo.

Ukishika tofauti hiyo moja, umemaliza nusu ya shida za hii kazi.

Si Julai huwa baridi Nairobi? Haitoshi kuamsha ash?

Haitoshi. Ash inataka nyuzi 1 hadi 5, mfululizo, kwa miezi. Julai yetu hata ile asubuhi ya kuvaa sweta mbili inacheza kwa nyuzi 10 na kitu, na mchana jua likitoka joto linarudi. Friji ndio kipupwe chetu.

Nieleze basi hiyo ya friji taratibu.

Toa mabawa kama unaweza, sio lazima. Loweka mbegu kwa maji ya kawaida siku moja hadi mbili, badilisha maji kila siku. Chuja. Changanya na mchanga wa mto ulio na unyevu, ukikamua kiganjani maji yasidondoke, yakidondoka umezidisha na mbegu zitaoza. Tia kwa mkebe ama mfuko wenye matundu madogo ya hewa, andika tarehe kwa nje (andika kweli, baada ya miezi miwili hutakumbuka, na mtu wa nyumbani atatupa hicho kitu akidhani ni chakula kimeharibika), kisha weka rafu ya chini. Sio friza! Friza inagandisha mbegu iliyonywa maji na inaiua.

Muda unategemea aina. Ash ya kijani ya Marekani, Fraxinus pennsylvanica, ipe miezi miwili hadi mitano. Ash ya Ulaya, Fraxinus excelsior, ndio ngumu kuliko zote, inataka kwanza miezi miwili mitatu ya joto la kawaida ikiwa na unyevu ndipo uipeleke friji miezi mingine mitatu ama zaidi, na huko kwao ikianguka chini yenyewe inaweza kukaa hadi mwaka wa pili kabla ya kuota. Hapa kuna habari njema, ile sehemu ya joto Nairobi inakupa bure, kabati la jikoni linatosha.

Ash za kutoka upande wa joto wa Mexico, kama Fraxinus uhdei, hazilali sana na mbegu mbichi huota bila friji. Kwa hivyo kama umeokota chini ya mti wa kompaundi na hujui ni ash gani, gawa mbegu mara mbili: nusu panda leo, nusu weka friji. Mti wenyewe utakujibu.

Kila wiki fungua uangalie. Unyevu ukipungua nyunyiza kidogo, ukungu ukitokea osha mbegu na ubadilishe mchanga. Ukiona kijimzizi cheupe kimechomoza hata kwa mbegu chache, panda zote siku hiyo.

Stima ikipotea je?

Masaa machache hayana neno, usifungue fungue mlango tu. Ikipotea siku mbili tatu mbegu zinapata joto kidogo lakini haziharibiki, zirudishe na uongeze wiki moja ama mbili kwa hesabu yako.

Na mununga unatayarishwaje?

Chuma matunda mekundu, ama okota yale yaliyoanguka leo, sio yale yameshalala chini wiki nzima yanatembelewa na wadudu. Usikariri mwezi, fuatilia mti wenyewe na rangi ya tunda. Minya nyama itoke, ndani utapata mbegu mbili hadi nne, sugua kwa maji na mchanga mpaka zisiteleze tena, maana nyama ikibaki huleta ukungu. Kausha kivulini siku moja, kamwe sio juani kwa mabati. Panda.

## Kupanda na kulea miche

Natumia udongo gani na mikebe gani?

Kwa kuotesha mbegu, mchanga wa mto mwingi na mboji kidogo, kwa mununga hata tano kwa moja ni sawa, maji yapite haraka. Kwa kulea mche ukishapata majani, udongo wa juu wa msitu ama ule mwekundu wa Kikuyu sehemu mbili, mchanga moja, samadi moja iliyooza kabisa. Samadi mbichi inachoma mizizi.

Kuhusu chombo, pakiti za maziwa zilizooshwa zinafanya kazi vizuri sana na ni za bure, toboa matundu manne chini. Karai la zamani lenye matundu linatosha kuoteshea mbegu nyingi pamoja, halafu unazihamisha.

Kina: mununga nusu sentimita, ash kama sentimita moja. Watu wengi huzika sana.

Siku ngapi mpaka niione?

Mununga huanza kuchomoza baada ya wiki nne na zingine hufika hata wiki kumi na moja, kwa hivyo usimwage karai wiki ya sita. Ash iliyotoka friji ikiwa imeshaamka ni wiki chache tu. Ash ambayo hukuipitisha baridi soma tena jibu la friji hapo juu.

Miche imeota vizuri halafu ghafla inaanguka, shingo imekuwa nyembamba kama uzi. Nini hiyo?

Ni kuvu wa udongoni, wanapenda maji mengi na hewa isiyotembea. Iliyoanguka haiponi, ing'oe uitoe na udongo wake. Iliyobaki punguza maji, mwagilia asubuhi badala ya jioni, ipe nafasi kati ya mche na mche. Wakati mwingine tumia mchanga ulioumwagia maji yanayochemka ukaupooza kwanza.

Viwavi wa kijani wenye pembe kichwani wanamaliza mununga wangu. Nipulize dawa?

Tafadhali usipulize. Hao ni watoto wa kipepeo wa jamii ya Charaxes, yule mweusi mwenye mkanda mweupe kwa mabawa, na mununga ni mmoja wa miti anayotagia. Mti mkubwa hata hausikii. Kama ni mche wa majani matano na kiwavi mmoja anaweza kuumaliza, mbebe na jani lake umhamishe kwa mti mkubwa wa mununga ulio karibu, ama funika miche kwa neti mpaka ikomae. Nairobi inapoteza vichaka kila mwaka kwa ajili ya ghorofa, hawa wadudu wana mahali pachache sana pa kwenda.

Naweza kukata tawi nipande tu, niachane na mambo ya mbegu?

Kwa mununga ndiyo, vipandikizi hushika, hata vile vinene. Kata wakati kuna joto na mvua iko karibu, ondoa majani karibu yote, chomeka kwa mchanga wenye unyevu kivulini na usivute vute kuangalia mizizi.

Kwa ash jibu ni karibu hapana. Matawi ya mti mkubwa hukataa kutoa mizizi hata ukitumia homoni ya unga. Wanaofanya biashara ya ash zenye jina maalum hupachika tawi juu ya mche ulioota kwa mbegu, na hiyo ni kazi ya mtu aliyezoea kisu. Wewe tumia mbegu.

Chini ya mti kuna miche imejiotea yenyewe. Inafaa?

Inafaa sana na ndio njia rahisi kuliko zote, kwa nini watu huidharau sijui. Ing'oe ikiwa na majani mawili hadi manne, siku ya mawingu baada ya mvua, chimba na bonge la udongo wake usivute kwa shingo. Weka kwa pakiti, kivulini wiki mbili tatu. Ikishazidi goti mzizi umeshuka sana, iache.

## Kuhamishia shambani

Niipande nje lini?

Mche ukifika sentimita 30 hivi na mvua ikiwa imeshaloa chini kabisa, sio lile tone la kwanza. Mvua ndefu ya Machi hadi Mei ndio bora, ya Oktoba hadi Desemba ni ya pili. Mwezi mmoja kabla anza kuzoesha jua, ongeza pole pole, na uinue inue pakiti ili mizizi isitoboe ikaingia ardhini.

Niko upande wa Syokimau, udongo ni ule mweusi unaopasuka. Itakubali?

Inakubali ukiisaidia. Black cotton inashika maji msimu wa mvua mpaka mizizi inakosa hewa, halafu kiangazi inapasuka na kukata mizizi ileile. Chimba shimo pana la futi mbili, changanya udongo uliotoa na samadi na mchanga mwingi, kisha panda juu ya tuta kidogo badala ya shimoni. Tandaza nyasi kavu unene wa kiganja, ziwe mbali na shina maana mchwa wanapenda kujificha hapo. Kiangazi cha kwanza na cha pili lita tano mara mbili kwa wiki zinatosha, mwaga pole pole. Maji ya kuoshea mboga ni sawa kabisa siku ambazo mfereji umekauka.

Umbali gani kutoka kwa nyumba?

Mita sita kwa uchache, nane ni bora, na mbali na bomba la maji taka, maana mizizi ya miti yote miwili inatafuta maji na haiogopi ufa. Chini ya nyaya za stima usipande, watakuja kuukata kichwa na utabaki na kisiki kisicho na sura. Kama mti tayari uko mita mbili kutoka ukutani na bado ni mdogo, hamisha mvua hii, usingoje ijayo.

## Maswali yasiyo ya kawaida

Naishi ghorofa. Naweza kuweka kwa balkoni?

Kama kitalu, ndiyo, miaka miwili hivi kwa ndoo ya lita 20. Kama makao ya kudumu, hapana, mununga hufika mita 30. Wengi huotesha kwa balkoni halafu wanapeleka mche kwao mashambani ama kwa shule ya mtaa, na shule hupokea kwa furaha kama unaahidi pia kurudi kumwagilia.

Ash yangu inapukutisha majani yote, inakufa?

Kwangua tawi na ukucha. Ndani pakiwa kijani iko hai, ash ni mti wa kupukutisha. Pakiwa kahawia na pakavu mpaka kwa shina, hapo kuna shida ya kweli.

Mununga wangu ni mkubwa lakini haujawahi kuzaa.

Yawezekana ni dume. Kwa mununga, maua ya kiume na ya kike yako kwa miti tofauti, na ash nyingi ni hivyohivyo pia. Mti dume hauzai hata ufanye nini, na mti jike nao unahitaji dume karibu ili chavua iufikie. Ndio maana ni vizuri kupanda miche mitatu minne mtaani, ugawie majirani, badala ya mmoja peke yake.

Ndugu yangu yuko ng'ambo, anaweza kuniletea mbegu za ash kwa begi?

Hapana, na sio kwa sababu ya makaratasi tu. Kuna kuvu inayoua ash Ulaya tangu miaka ya 1990, na kuna mende wa kijani aliyegunduliwa Michigan, Marekani, mwaka 2002 ambaye ameshaua mamilioni ya miti ya ash kule. Mbegu na vipande vya mmea vinaweza kubeba vitu ambavyo jicho halioni, na ash ni ndugu wa mutamaiyu wetu. Njia halali ni kuomba kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kabla mbegu haijasafirishwa, halafu ije na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka. Kama hiyo safari ni ndefu kwako, rudi kwa swali la mbegu nitatoa wapi.